Kila mwanafunzi mpya, usanidi uleule: jibu kwa maabara ya jenomu za malaria

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msaidizi wa utafiti katika maabara inayochunguza usugu wa vimelea vya malaria dhidi ya dawa. Tunapokea data za jenomu za mamia ya sampuli kwa mkupuo. Kila akija mwanafunzi mpya tunaanza upya: kusakinisha bwa, samtools, bcftools na GATK (programu za kuchambua DNA), kupakua jenomu rejea (ile ya kulinganishia sampuli), kurekebisha njia za mafaili ndani ya skripti. Wiki inakatika hata sampuli moja haijachambuliwa. Sasa chuo kimetupa nafasi kwenye klasta ya Linux (kompyuta nyingi zilizounganishwa), lakini hatuna haki za msimamizi na intaneti yetu ni ya kubahatisha. Tuanzie wapi ili kazi hii tuifanye mara moja tu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kuifanya mara moja tu hamtaweza, maana seva zitabadilika, watu watahama na toleo jipya la GATK litatoka. Mnachoweza ni kuuandika usanidi mara moja, halafu kuurudia iwe kazi ya mashine. Mkifika hapo, mwanafunzi atakayeripoti asubuhi ataandika amri mbili tatu, na mchana atakuwa anatazama matokeo badala ya kuhangaika na ujumbe wa makosa.

Ukiitazama tena orodha yako utaona imebeba mambo matatu: programu, jenomu rejea pamoja na faharasa zake (mafaili ya kuharakisha utafutaji ndani yake), na njia za mafaili. Kila moja lina tabia yake na dawa yake. Maabara nyingi hutibu la kwanza, zikajiona zimemaliza, na mwezi unaofuata zinalalamika upya. Kwa data kubwa kama zenu, la pili ndilo linalokula muda na diski, na wakati mwingine hupotosha matokeo bila mtu kujua. Kwa hiyo usishangae nikikaa hapo kuliko kwingine.

Tuanze na programu. Samtools haisimami peke yake. Inaegemea maktaba za mfumo, kila moja na toleo lake. Mkisakinisha leo hiki, kesho kile, vyote mahali pamoja, kimoja kitapandishwa toleo na kingine kitakwama. Ujumbe huu lazima umewahi kuuona:

```
samtools: error while loading shared libraries: libcrypto.so.1.0.0:
cannot open shared object file: No such file or directory
```

Samtools yenyewe haina kosa. Ilijengwa ikitegemea toleo la zamani la OpenSSL, maktaba yenye libcrypto, na mtu alipoongeza programu nyingine kwenye mazingira hayohayo (folda iliyotengwa yenye programu na maktaba zake), OpenSSL ikapandishwa. Mtandaoni utashauriwa ulipe faili jipya jina la zamani kwa `ln -s`. Usithubutu. Samtools itawaka kweli, ila itakuwa inatumia maktaba isiyojengewa, na baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka nani alifanya hivyo wala kwa nini. Yafute mazingira hayo yote, uyajenge upya kutoka kwenye faili la maelezo.

Faili lenyewe si refu. Tangu 2015 kuna mradi unaoitwa Bioconda, ambamo watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi huziandaa programu za bayolojia zikiwa zimeshajengwa, tayari kusakinishwa kwa Conda, kisakinishi cha programu, bila haki za msimamizi. Kila ulichokitaja kimo. Mfano:

```
name: ramani-pf
channels:
  - conda-forge
  - bioconda
  - nodefaults
dependencies:
  - bwa=0.7.17
  - samtools=1.19.2
  - bcftools=1.19
  - fastp=0.23.4
```

Kisha `conda env create -f ramani-pf.yml`, basi. Matoleo yameandikwa kwa namba, wala si "chochote kipya kilichopo", kwa sababu anayesakinisha Januari na anayesakinisha Agosti wanatakiwa wapate kitu kilekile. Mpangilio wa chaneli (maghala ya vifurushi) nao si pambo: conda-forge hutangulia bioconda, na amri `conda config --set channel_priority strict` huizuia Conda isiokoteze vipande vya maktaba moja kutoka chaneli tofauti. Makosa mengi ya aina ya libcrypto chanzo chake ni mpangilio huu kupuuzwa. Neno `nodefaults` linaziweka kando chaneli za kampuni ya Anaconda, ambazo tangu 2020 zina masharti ya malipo kwa taasisi zenye watu zaidi ya 200. Ili msihangaike na masharti hayo, sakinisheni Miniforge, ambayo tangu mwanzo inatumia conda-forge peke yake, na suala la leseni litakuwa limeisha. Kama mna Conda ya zamani inayokaa nusu saa imeandika "Solving environment", ipandisheni: kuanzia toleo la 23.10 inatumia kikokotoo cha libmamba, cha kutafuta matoleo yanayopatana, ambacho ni chepesi zaidi kwa mbali.

Jambo moja nalisisitiza: msitengeneze mazingira mamoja ya kila kitu. Ni kama jiko la shughuli lenye moto mmoja chini ya sufuria zote, anayechochea kwa ajili ya pilau anaunguza mchuzi. GATK ni mfano mzuri. Kuanzia toleo la 4.4 inadai Java 17, ilhali ya 4.3 na yaliyotangulia yalikwenda na Java 8. Ukiiweka pamoja na chombo kingine kinachotaka Java tofauti, siku nzima itaishia kwenye usuluhishi. Ipeni GATK mazingira yake. Uoanishaji wa vipande vya DNA na jenomu rejea uwe na yake, na R (lugha ya takwimu) yenye vifurushi vya Bioconductor iwe na yake. Kwa R pia, mkishaanza na Conda endeleeni nayo. Anayeingia ndani ya mazingira ya Conda na kuandika `install.packages` anaanzisha njia ya pili ambayo faili lenu haliijui.

Kwa intaneti ya kubahatisha kuna hatua moja ya ziada. Mazingira yakishakubali kufanya kazi, andikeni:

```
conda list --explicit --md5 > ramani-pf.linux-64.txt
```

Mtapata orodha ya anwani kamili ya kila kifurushi, pamoja na vile vidogo ambavyo hamkuviomba lakini vilikuja na wenzake. Anayejenga kwa orodha hiyo, `conda create --name ramani-pf --file ramani-pf.linux-64.txt`, anaondokana na ukokotoaji wote, na anapata vifurushi vilevile bila tofauti. Kama vifurushi vimeshakaa kwenye folda ya akiba mnayochangia, anaongeza `--offline` na hatumii hata kilobaiti moja ya bando. Folda hiyo ya akiba huelekezwa kwa mpangilio wa `pkgs_dirs`. Iwekeni kwenye diski ileile yanapokaa mazingira, kwa sababu Conda ikiwa ndani ya mfumo mmoja wa mafaili huunganisha vifurushi badala ya kuvinakili, na nafasi haipotei mara mbili. Orodha hii ni ya Linux pekee. Mwenye Mac atumie faili la kwanza.

Sasa klasta. Mazingira ya Conda yana makumi ya maelfu ya mafaili madogo, na diski za klasta nyingi hazipendi mafaili madogo. Mara nyingi mgao wako una mipaka miwili, wa gigabaiti na wa idadi ya mafaili, na huo wa pili ndio unaowashangaza watu: diski inaonekana ina nafasi tele, lakini mfumo unakataa kuandika. Hapo ndipo kontena, yaani programu na maktaba zake zote zikiwa zimefungwa pamoja, linapofaa. Docker, programu maarufu ya makontena iliyotoka 2013, hamtaruhusiwa, kwa kuwa anayeitumia kwenye mashine ya pamoja anaweza kujipatia mamlaka ya msimamizi, na msimamizi wenu akiikataa yuko sahihi. Ombeni Apptainer. Zamani ikiitwa Singularity, ilianzia maabara ya Lawrence Berkeley huko California kwa ajili ya klasta kama yenu, ikabadilishwa jina 2021. Kontena lake ni faili moja tu, linanakilika kwenye diski ya nje, na linaendeshwa na mtumiaji wa kawaida.

Hamhitaji kujenga makontena wenyewe. Kila kifurushi kinachoingia Bioconda hutengenezewa kontena moja kwa moja na mradi wa BioContainers:

```
apptainer pull samtools-1.19.2.sif \
  docker://quay.io/biocontainers/samtools:1.19.2--h50ea8bc_0
```

Kabla ya kuvuta chochote, elekezeni `APPTAINER_CACHEDIR` nje ya folda zenu za nyumbani, la sivyo mgao wa nyumbani utajaa kwa makontena mawili matatu. Kuna mtego mwingine hapo. Kwa kawaida Apptainer huiingiza folda yako ya nyumbani ndani ya kontena. Ukiwa na vifurushi vya Python ulivyoviweka zamani kwa `pip install --user`, vinakaa `~/.local`, na Python iliyo ndani ya kontena itavichukua hivyo badala ya vilivyomo kontenani. Matokeo yake kontena lilelile linafanya kazi kwako na kugoma kwa mwenzako, ninyi mkiapa mmetumia faili moja. Wekeni `PYTHONNOUSERSITE=1`, au endesheni kwa `--no-home`, na kitendawili hicho hamtakiona.

Kama klasta yenu tayari ina mfumo wa `module load` (wa kuwasha programu alizoweka msimamizi), utumieni kwa vitu vya msingi. Ila namba ya toleo iandikwe daima, maana `module load samtools` bila namba hufuata chochote msimamizi alichokiweka wiki hiyo.

Tuje kwenye jenomu rejea. Jenomu ya *Plasmodium falciparum* ni ndogo, herufi milioni 23 hivi kwenye kromosomu 14, na bwa huitengenezea faharasa kwa sekunde chache. Ndiyo maana watu huidharau na kila mwanafunzi huipakua kivyake. Mmoja anaichukua PlasmoDB (hazina ya jenomu za vimelea vya malaria), wa pili NCBI (hazina ya Marekani), wa tatu anairithi kwenye flashi ya aliyehitimu. Mfuatano wa herufi unaweza kuwa uleule, lakini majina ya kromosomu hayafanani. PlasmoDB inaiita kromosomu ya 13 `Pf3D7_13_v3`. NCBI inaiita kwa namba ya usajili inayoanza na `NC_`. Sasa chukua swali lenu la kila siku, jeni ya kelch13, ambayo mabadiliko yake ndiyo yanayofuatiliwa kwa usugu dhidi ya artemisinin, dawa kuu ya malaria: 561H yaliyoonekana Rwanda na baadaye Kagera, 469Y na 675V kwa upande wa Uganda. Mwanafunzi anaandika:

```
bcftools view -r Pf3D7_13_v3:1724817-1726997 sampuli.vcf.gz
```

Ikiwa sampuli zilioanishwa na jenomu ya NCBI, amri hii haitatoa kosa. Itachapisha kichwa cha faili, chini yake hakuna mstari hata mmoja wa mabadiliko, kisha itamaliza kwa amani. Asiyejua atasoma kwamba vimelea vyote havina mabadiliko kwenye kelch13, aandike hivyo kwenye ripoti. Mazingira ya Conda yasiyo na doa na kontena safi havikukingi na jambo hili. Ndiyo sababu nasema jenomu rejea ni sehemu ya usanidi, tena sehemu nyeti kuliko zote.

Tengeni folda moja ya pamoja, isiyo ya mtu binafsi, yenye jina linalojieleza, mathalani `/data/rejea/pf3D7_plasmodb68/`. Ndani yake kuwe na faili la jenomu, faharasa ya bwa (mafaili matano: amb, ann, bwt, pac na sa), faharasa ya samtools yenye fai, kamusi ya GATK yenye dict, faili la maelezo ya mahali zilipo jeni kutoka toleo hilohilo la PlasmoDB, na faili dogo la maandishi linalosema vyote vimetoka wapi, lini, na kwa amri zipi. Wekeni pia alama za md5 za kila faili, za kuhakiki kwamba halijabadilika. Halafu ondoeni ruhusa ya kuandika, `chmod -R a-w`, ili asitokee mtu wa "kurekebisha kidogo tu". PlasmoDB ikitoa toleo jipya, fungueni folda mpya yenye namba yake. Ile ya zamani iachwe ilivyo hadi makala inayoitegemea ichapishwe.

Jenomu inayowatesa kwa ukubwa si ya kimelea, ni ya mgonjwa. Sampuli za damu huja na DNA ya binadamu, na ili kuiondoa inabidi mwoanishe vipande na jenomu ya binadamu pia, kwa kawaida GRCh38. Hiyo ina herufi bilioni 3.1. Faharasa yake ya bwa inachukua kama saa moja kutengenezwa na gigabaiti 5 za diski, juu ya gigabaiti 3 za jenomu yenyewe. Wanafunzi kumi, kila mmoja na nakala yake, ni gigabaiti 80 za kitu kilekile. Mkihamia bwa-mem2, ambayo ina kasi zaidi, kutengeneza faharasa peke yake kunadai kumbukumbu ya baiti 28 kwa kila herufi ya jenomu, yaani zaidi ya gigabaiti 80 kwa binadamu. Laptopu ya mwanafunzi haina kumbukumbu hiyo. Itengenezwe mara moja kwenye nodi (kompyuta) kubwa ya klasta, wengine waisome tu.

Mambo mawili madogo kabla sijatoka hapa. Mkitaka kuibana jenomu rejea tumieni bgzip badala ya gzip. Samtools ikikutana na ya gzip itakwambia waziwazi `Cannot index files compressed with gzip, please use bgzip`, na wengi huusoma ujumbe huo harakaharaka wakaona neno lilelile mara mbili. La pili ni CRAM, muundo wa kuhifadhi vipande vilivyooanishwa. Nawashauri mhifadhi mafaili yenu kwa CRAM badala ya BAM kwa kuwa inaokoa nafasi nyingi, lakini CRAM haisomeki bila jenomu iliyotumika kuitengeneza. Matoleo mengi ya samtools, yakiikosa, hujaribu kuitafuta kwenye seva ya taasisi ya EBI huko Uingereza, na kama nodi zenu hazina intaneti, kazi inakwama na ujumbe usioeleweka. Jazeni hifadhi ya pamoja kwa skripti ya `seq_cache_populate.pl` inayokuja na samtools, kisha elekezeni `REF_PATH` huko ndani ya faili la kuanzishia kazi la maabara nzima.

La tatu, njia za mafaili, halihitaji maneno mengi. Skripti yenye `/home/fulani/Desktop/mpya2/` ndani yake ni ya fulani peke yake. Toeni njia zote nje ya skripti, mziweke kwenye faili moja la mipangilio:

```
jenomu: /data/rejea/pf3D7_plasmodb68/genome.fasta
binadamu: /data/rejea/GRCh38/genome.fasta
sampuli: sampuli.tsv
matokeo: /scratch/usugu/
```

Anayehamia mashine nyingine anabadilisha mistari hii minne na hagusi kitu kingine. Lakini ni nani atakayeisoma mistari hiyo, azipange hatua na kuzipeleka kwenye foleni ya Slurm, mfumo unaogawa kazi kwenye klasta? Hapa ndipo ninapowasihi muachane na skripti ndefu za bash na kuhamia Snakemake au Nextflow, programu za kuendesha mtiririko wa hatua za uchambuzi. Zote mbili zinaruhusu kila hatua itaje mazingira yake au kontena lake, na zote mbili umeme ukikatika au muda wa foleni ukiisha zinaendelea zilipoishia bila kurudia sampuli zilizokamilika. Kwa mwenye mamia ya sampuli, hilo la mwisho tu linatosha kulipia gharama ya kujifunza.

Ipi kati ya hizo mbili? Kama maabara yenu inaandika Python, chukueni Snakemake, mtaizoea upesi. Kama mnataka kutumia mitiririko iliyokwishaandikwa na wengine, Nextflow ina nguvu zaidi kwa sababu ya jumuiya ya nf-core, ambayo mitiririko yake huja na makontena yake yote na data ndogo ya majaribio. Hapa Afrika mtandao wa bioinfomatiki wa H3ABioNet ulishatengeneza mitiririko ya namna hii, yenye makontena, ukizingatia kwamba vituo vyetu havifanani: kimoja kina klasta, kingine kina seva moja chini ya meza. Kwenye hazina ya mipangilio ya nf-core mtakuta pia ya Chuo Kikuu cha Cape Town, inayoonyesha jinsi ya kuieleza klasta kwa faili moja ambalo watumiaji wote wanalichukua. Inafaa muige muundo wake mnapoandika ya kwenu.

Kumbukeni kwamba kwenye klasta nyingi nodi za kukokotoa hazina intaneti hata kidogo. Ni nodi ya kuingilia tu iliyo nayo. Mtiririko unaojaribu kusakinisha katikati ya kazi utakufa. Jengeni kila kitu mapema:

```
snakemake --cores 1 --sdm conda --conda-create-envs-only \
  --conda-prefix /data/mazingira
```

Amri hii (ni ya Snakemake toleo la 8 na kuendelea) inatengeneza mazingira yote bila kuchambua chochote, na inayaweka mahali pa pamoja ambapo kila mmoja wenu atayakuta. Kwa upande wa Nextflow, nf-core ina amri ya kupakua mtiririko pamoja na makontena yake kuwa furushi moja. Mnaweza kulivuta mahali penye intaneti nzuri, mkalibeba kwenye diski, kisha mkaendesha na `NXF_OFFLINE=true`. Kazi ya kujenga apewe mtu mmoja au wawili. Wote wakiwa na ruhusa ya kuandika kwenye `/data/mazingira`, vurugu zitarudi kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu data zenyewe, pigeni hesabu kabla ya kupakua. Gigabaiti 100 kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde ni saa 11, na hiyo ni kama laini haijakatika hata mara moja. Tumieni `wget -c` au aria2 ili iendelee ilipokatikia, na hakikini kwa md5. ENA, hazina ya Ulaya ya data za DNA, hutoa alama hizo kwa kila faili, na faili lililokatika mwishoni mara nyingi hufunguka vizuri, likaja kuleta shida baadaye kabisa. Swali la kujiuliza mapema zaidi ni kama mnahitaji kupakua. Mkusanyo wa Pf7 wa mtandao wa MalariaGEN, uliochapishwa 2023, una sampuli 20,864 za *falciparum* kutoka nchi 33, na kifurushi cha Python cha `malariagen_data` kinakuwezesha kuuliza mabadiliko ya kelch13 kwa kusoma sehemu hiyo tu kutoka kwenye hifadhi ya wingu. Kwa kulinganisha sampuli zenu na za majirani, njia hiyo inatosha. Waliopakua mkusanyo mzima kwa ajili ya jeni moja nawajua, na diski zao zinawajua.

Sasa mtajuaje kwamba usanidi umekaa sawa? Watu huandika `samtools --version`, wakiona namba wanafurahi. Namba hiyo inasema tu kwamba programu imewaka. Chukueni sampuli moja mnayoijua matokeo yake, mkate vipande 50,000 kutoka kila upande wa jozi (R1 na R2) kwa programu ya seqtk:

```
seqtk sample -s42 sampuli_R1.fastq.gz 50000 | gzip > jaribio_R1.fastq.gz
seqtk sample -s42 sampuli_R2.fastq.gz 50000 | gzip > jaribio_R2.fastq.gz
```

Namba inayofuata `-s` iwe moja kwa mafaili yote mawili, vinginevyo jozi zitavunjika na uoanishaji utakuwa wa ovyo. Endesheni mtiririko wote juu ya jaribio hili, hifadhini idadi ya vipande vilivyooanishwa na orodha ya mabadiliko yaliyopatikana, iwe ndiyo kipimo. Kwa vipande vichache hivyo kina (idadi ya vipande vinavyofunika kila herufi) hakitoshi kugundua kila badiliko, na wala si lengo. Lengo ni kwamba mashine mpya ikitoa orodha tofauti na ya zamani, mjue siku hiyohiyo. Mwanafunzi mpya aanze na jaribio hili kabla hajapewa sampuli za wagonjwa. Msimamizi wa klasta akipandisha toleo la mfumo, endesheni jaribio hilohilo.

Vyote hivi, yaani mafaili ya mazingira, faili la mipangilio, mtiririko na jaribio, vikae kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya mafaili. Jenomu na data za wagonjwa zisiingie humo kamwe, kwa sababu ya ukubwa na kwa sababu ya maadili. Anayetaka toleo jipya la programu asibadilishe mazingira yaliyopo akiwa ndani yake. Abadilishe namba kwenye faili, ajenge mazingira mapya yenye jina jipya, aendeshe jaribio, awaonyeshe wenzake tofauti. Mradi ulio katikati ya uchambuzi ubaki na matoleo yake hadi uishe, hata kama yamezeeka.

Kwa wenye laptopu za Windows, vifurushi vya Bioconda havijengwi kwa Windows. Wawashe WSL2 (Linux ndani ya Windows), waweke Miniforge ndani yake, na wayahifadhi mafaili upande wa Linux, yaani chini ya `/home`. Wakiyaacha `/mnt/c` kila kitu kitakwenda kwa kujikokota.

Nikiwa mahali pako ningeanza na folda ya jenomu rejea kesho asubuhi, maana haihitaji kujifunza kitu kipya, kisha faili la ramani-pf, na Snakemake ningeingia nayo kwa hatua ya uoanishaji peke yake kabla ya kugusa GATK. Kabla ya hayo, muulize msimamizi wa klasta mambo matatu: Apptainer ipo na ni toleo gani, mgao wenu wa idadi ya mafaili ni kiasi gani, na nodi za kukokotoa zina intaneti au hazina. Jibu lake kwa hilo la pili ndilo litakaloamua kama mtabaki na Conda au mtakwenda moja kwa moja kwenye makontena.